Siku Tuliyomnyamazisha Mjomba

Kuna picha imetundikwa ukutani katika nyumba moja ya wageni huko Shela. Nikipita pale hugeuza uso, maana nikiitazama damu hunichemka. Tuko watu wanane, sisi watano wa kikundi na wageni watatu, meno nje. Katikati amekaa mjomba wangu, ndugu yake mama, kanzu nyeupe pe, mkono wa kushoto juu ya kinanda chake. Watu wakiiona husifu, ati tazama mzee anavyopiga. Wallahi mzee hakupiga. Haikutoka hata sauti moja, na aliyemwambia asipige ni mimi.

Kinanda chenyewe ni cha kizamani, sanduku la mbao alilorithi kwa babake. Mkono wa kushoto husukuma upepo kwa nyuma, wa kulia ndio unaopiga. Kwa uzee kimeshuka sauti kidogo, nasi tumeshuka nacho: fidla yangu, udi, hata mwimbaji wetu, sote twamfuata yeye. Hakuna wimbo wetu unaoanza bila Mjomba. Hupiga peke yake kwanza, taratibu, mpaka watu wanyamaze, ndipo sisi tuingie. Kwenye arusi za Amu, na za Pate mpaka Kizingitini, watu huuliza kwanza kama mzee yuaja. Mimi fidla amenifundisha yeye, barazani kwake, nikiwa na miaka tisa.

Basi wakaja wageni. Mmoja mwanamke wa kinanda cha umeme, aliyejifunza Kiswahili Unguja na kukisema vizuri, mmoja wa gitaa, mmoja wa ngoma. Walitaka kupiga nasi nyimbo nne, Shela, baada ya alasiri, mbele ya wageni na wenyeji. Mkuu wa kikundi chetu alifurahi kupita kiasi. Alinunua mkeka mpya, akatukataza kuvaa kandambili, akawa anacheka hata pasipo cha kuchekwa.

Siku ya mazoezi, nayo ilikuwa moja tu, yule mwanamke aliweka simu yake juu ya sanduku la Mjomba na kumwomba apige sauti moja. Kwenye kioo kulikuwa na mshale, nao ulikataa kusimama katikati, ukabaki umelalia kushoto. Akasema kinanda cha mzee kiko chini kidogo ya chake. Ndiyo hayo tu aliyosema. Kabla hajafunga mdomo, mkuu wetu alishadakia kwamba hapana shida, hapana shida kabisa, litatengenezwa.

Akanivuta kando. Akaniambia udi na fidla nyuzi zake zakazika, lakini sanduku la mzee halikaziki, na hatuwezi kuwaambia watu waliotoka nti za mbali ati wao ndio wafuate. Ni aibu. Mzee aje, akae katikati, asukume upepo na kuchezesha vidole, ila afunge vile vifunguo vya mbele vya kupitishia upepo, sauti isitoke. Picha zitatoka nzuri. Na wa kumwambia ni wewe, kwa kuwa ni mjomba wako.

Sasa nauliza, mtu mwenye akili zake timamu angejibu nini? Mimi nilisema sawa. Astaghfirullah, nilisema sawa, tena kwa haraka. Niliogopa kuonekana mshamba mbele ya wageni.

Nilimkuta barazani akipangusa sanduku lake kwa kitambaa. Nikazunguka wee, nikataja heshima ya mgeni, nikataja simu na mshale wake, mwisho nikautoa ujumbe wenyewe. Aliendelea kupangusa. Kisha akauliza, "Kwani wamekuja nti hii kusikiza nini?"

Nikarudia yaleyale ya heshima. Akasema atakuja.

Akaja kweli. Aliketi pale alipowekwa, akaweka mkono wa kushoto juu ya sanduku kama alivyoambiwa, na wa kulia akauweka juu ya goti. Hakuchezesha vidole. Nyimbo nne nzima alikaa vile, mgongo umenyooka, akitazama mbele. Wimbo wa kwanza ulianzwa na kinanda cha umeme, na watu wa Amu waliokuja kumsikiliza yeye wakaanza kutazamana. Mzee mmoja aliyekuwa karibu nami aliuliza kama mjomba wangu ni mgonjwa. Nilijifanya sikusikia, nikakaza fidla.

Tulipomaliza, tukiwa tunakula, yule mwanamke alikuja kuketi karibu yangu na mkuu wetu. Akauliza mbona mzee hakupiga. Alikuwa amemsikia kwenye mkanda wa arusi fulani, akasema, na ndiye aliyemfuata mpaka huku. Alidhani labda hakuwapenda. Nikamwambia, si wewe uliyesema kinanda chake kiko chini? Akanitazama bila kuelewa. Akainuka, akaenda kwenye kinanda chake, akabonyeza kifungo mara tatu nne na kupiga sauti moja. Ilikuwa ni sauti ya Mjomba, palepale alipo.

"Chashuka," akasema. "Nilikuwa nangoja mniambie tu nikishushe."

Nilimgeukia mkuu wetu. Alikuwa anapangusa mikono. Akasema tulitaka kuwaheshimu tu. Hapo nilimwaga yote yaliyonijaa, mbele ya wageni na sahani zao. Ungwana gani huu wa kumfungia mdomo mwenye nyumba? Nani alituomba? Hawakutudai kitu watu hawa, sisi wenyewe tumejikomba, tumemchukua mtu mzima na kumkalisha kama pambo! Niliyasema hayo kwa sauti, nikajiona mwanamume kweli, kana kwamba si mimi niliyepeleka ujumbe.

Mjomba alikuwa ameshaondoka na sanduku lake. Asubuhi nikaenda kwake mbio, nimejaa habari njema. Kwa kawaida naingia kwake bila kungoja, napita mpaka jikoni, najimiminia kahawa mwenyewe, naye hunipigia kelele kutoka barazani, wewe baba, usiimalize. Hivyo ndivyo alivyoniita tangu utoto, baba. Siku ile alisimama mlangoni. Akanionyesha kiti, kile chenye mto. Kahawa ililetwa kwa sinia, kwa vikombe vya maua, na halua pembeni. Nikashukuru Mungu moyoni kwamba hakukasirika.

Nikamweleza kila kitu. Kifungo, mkanda wa arusi, jinsi nilivyomkemea mkuu wetu. Nikamwambia wageni wako bado Shela, wanamtaka, leo hii twaweza kupiga upya, yeye aanze. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Wale ni wageni, hawakunijua," akasema. "Wewe ulinijua."

Akanisogezea sinia.

"Kunywa kahawa, Bwana. Itapoa."

Nilikunywa. Aliendelea kupiga nasi arusini na bado anapiga, kinanda chake kikianza na sisi tukifuata, wala hajalitaja tena jambo lile. Lakini nikienda kwake naletewa sinia, na mpaka leo ananiita Bwana.