Mlango wa Hambis

Saa tatu asubuhi maduka ya mtaa wa Ledra yanafunguliwa, na Loukia Patsalou anatembea kinyumenyume mbele ya kundi la watalii, mwavuli wa njano mkononi ingawa hakuna dalili ya mvua. Anawaonyesha kanisa. Anawaonyesha kuta zilizotobolewa na risasi. Anawakanya wasipige picha askari. Kisha anafika kwenye kizuizi kinachotenga kusini na kaskazini, anakunja mwavuli na kusimama.

“Mimi naishia hapa,” anawaambia. “Tayarisheni pasi zenu. Yule mama mwenye skafu nyekundu ndiye wenu kuanzia sasa.”

Mama mwenye skafu ni Perihan Tuncel, mwongoza watalii wa upande wa kaskazini. Amevuka kuja kuwachukua, kama anavyofanya kila siku ya kazi. Leseni ya Loukia haifanyi kazi ng’ambo, na ya Perihan haifanyi kazi huku, kwa hiyo kisiwa cha Kupro kinaonyeshwa na wanawake wawili, kila mmoja nusu yake.

“Umewalisha hawa?” Perihan anauliza kwa Kigiriki, maana alizaliwa kusini, kunakosemwa lugha hiyo, kabla ya vita na lugha haikumtoka. “Wa jana walifika wana njaa, wakanimalizia muda mkahawani.”

“Wamekula. Ila huyo mrefu ana maswali, utamjua mwenyewe.”

“Mwenye maswali nampandisha ngazi za mnara. Akifika juu hana pumzi ya kuuliza.”

Wanacheka, wanagusana mashavu, na watalii wanapita. Askari anatazama pasi, anatazama sura, basi. Loukia anabaki akiangalia migongo yao mpaka inapotea kwenye kona. Kijana anayeuza kahawa pale kando anasema mama huyu haondoki kabla mgongo wa mwisho haujapotea.

Kipato chake kinategemea vikundi hivi. Majira ya joto anafanya kazi bila kupumzika, na miezi ya baridi anashona mapazia ili apate ya kodi. Lakini si fedha zilizomfanya akubali kuzungumza na mwandishi wa makala haya. Alikubali kwa sababu mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu utotoni, na yeye alivuka.

Loukia alikuwa na umri wa miaka sita familia yao ilipokimbia kijiji chao kaskazini, mwaka 1974, vita vilipokigawa kisiwa. Jina la kijiji ameomba lisitajwe, kwa heshima ya wanaoishi pale sasa. Baba yake, Mzee Kleanthis, alifunga mlango akatia ufunguo mfukoni, akiamini watarudi baada ya siku chache. Kila nyumba ya wakimbizi hapa ina ufunguo wa namna hiyo.

Vizuizi vilipofunguliwa mwaka 2003, watu walipanga foleni usiku na mchana kwenda kuona kwao. Mzee Kleanthis hakutoka nje.

“Alituita watoto wote mezani,” anakumbuka Loukia. “Akasema, ‘Anayeonyesha kitambulisho ni mgeni. Mimi sionyeshi kitambulisho kuingia kwangu. Na aliye mwanangu haonyeshi.’ Mama akalia. Kaka yangu akapiga meza. Lakini hakuna aliyekwenda.”

Mwenye kuhukumu na ahukumu. Mimi nimekaa na watu hawa miaka mingi, na nimeona kila foleni pale Ledra ina wenzake waliokaa nyumbani, wakikunja mikono kwa uchungu uleule.

Loukia akawa na kazi ya kupeleka wageni mahali asipoweza kwenda. Mdachi anapita, Mjapani anapita, mtoto wa miaka kumi anapita akilamba aiskrimu. Yeye anakunja mwavuli.

Miaka kumi na mitano iliyopita alishindwa kuvumilia. Mke na mume kutoka Denmark walikuwa wamekodi gari, naye akawaomba wafike kijijini wampigie picha ya nyumba. Aliwaelekeza kwa kumbukumbu ya mtoto: mteremko nyuma ya kanisa, kisima, halafu mlango wa tao na dirisha la buluu.

Walirudi na picha. Tao lilikuwepo, dirisha la buluu lilikuwepo. Loukia aliichapisha, akampelekea baba yake.

“Nikamuuliza, ‘Baba, si ndiyo kwetu?’ Aliitazama muda mrefu sana. Kisha akasema, ‘Ndiyo.’ Neno hilo moja tu.”

Picha ikatundikwa kando ya picha za watakatifu. Kila Jumapili, kama ilivyo desturi, Loukia anatia majani makavu ya mzeituni kwenye chetezo na kufukiza nyumba: watakatifu kwanza, kisha baba, kisha ile picha, akizungusha chetezo mara tatu kila mahali. Mama yake alipofariki, aliendelea peke yake.

Sasa Mzee Kleanthis ana miaka tisini na mmoja na macho yake yamekwisha. Anatofautisha mchana na giza, zaidi ya hapo haoni. Jumapili moja mwezi Januari, Loukia alikuwa amesimama mbele ya picha, moshi ukipanda, mzee akasema kutoka kitini:

“Hapo unapofukiza, unamfukizia Hambis.”

“Hambis gani?”

“Hambis jirani. Mwenye mbuzi. Hiyo ni nyumba yake.”

Loukia anasema chetezo kilitaka kumponyoka. Hambis alikuwa jirani ambaye mbuzi wake walikula mizabibu ya Mzee Kleanthis, na wawili hao hawakusalimiana tena mpaka vita vikawatawanya.

“Miaka yote hii, Baba! Si ulisema ndiyo?”

“Nilisema.”

“Kwa nini?”

“Nikifa utaendelea kumfukizia mtu na mbuzi wake, ndiyo maana nakwambia leo. La kwa nini, nenda ukaone mwenyewe.”

“Niende? Na kitambulisho?”

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti yake.

“Onyesha,” alisema. “Nenda kama hao watalii wako. Mimi macho sina tena. Nenda na yako.”

Alikwenda Machi. Alimpigia Perihan simu, na Perihan hakuuliza neno ila saa ngapi. Asubuhi hiyo Loukia hakubeba mwavuli. Alisimama kwenye foleni katikati ya wanafunzi wa Kipolandi, akatoa kitambulisho. Askari alikitazama, akamrudishia, akamwita anayefuata.

“Hata usoni hakuniangalia vizuri,” anasema, na hapa sauti inampanda. “Nilitaka anikatalie! Nilitaka anipigie kelele! Mama yangu amekufa bila kuona kwao kwa ajili ya kitu ambacho kinachukua muda wa kupiga chafya. Nilikasirika sana.”

Perihan alimshika mkono. “Leo wewe mtalii,” alimwambia. “Mtalii analia kwenye gari, si barabarani. Twende.”

Kanisa lilikuwepo, limefungwa. Mteremko ulikuwepo na kisima kilikuwepo. Na pale upande wa kulia, tao na dirisha la buluu, rangi imefifia kidogo. Ng’ambo ya njia, mahali ambapo nyumba nyingine ingekuwa, palikuwa na mawe, magugu, na mzeituni mmoja. Paa liliporomoka miaka mingi iliyopita na kuta zikafuata. Kilichobaki kizima ni kizingiti, jiwe moja refu lililolainika katikati kwa kukanyagwa.

Loukia alikaa juu yake. Hakupanga kukaa, anasema, alikaa tu kama mtu anayejua pa kukaa. Akainua uso.

Mbele yake ilikuwa picha ya ukutani. Tao lilelile, dirisha lilelile, hata kipande cha tawi la mzeituni kwenye kona ya juu. Wale Wadenmark walikuwa wamesimama juu ya jiwe hilohilo.

“Ndipo nikaelewa,” anasema. “Mtoto akikaa mlangoni kwao, mlango wao uko mgongoni. Anaona wa jirani. Mimi niliwaelekeza nyumba niliyokuwa nikiitazama kila siku. Na Baba alijua picha imepigwa kutokea wapi.”

Bibi anayeishi katika nyumba ya Hambis alitoka akamkuta analia. Naye ni mkimbizi, alitoka upande wa Pafo, kusini, akiwa msichana. Hakuuliza jina. Aliingia ndani akarudi na chetezo cha udongo, majani ya mzeituni yakitoa moshi, akamzungushia kichwani mara tatu.

“Umepigwa jicho, mwanangu,” alisema kwa lugha yake, Perihan akatafsiri. “Acha litoke.”

Kisha akaleta kahawa, na alipokuwa akiagana nao akavunja tawi la ule mzeituni akampa Loukia.

Jioni hiyo Mzee Kleanthis alilinusa tawi kabla hajauliza chochote. Loukia hakumficha. Alimwambia paa limekwenda na kuta zimekwenda. Mzee alitikisa kichwa taratibu.

“Na ya Hambis?”

“Imesimama, Baba.”

“Mshenzi yule! Siku zote alikuwa na bahati.” Alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio, na Loukia akamshika mabega mpaka kikaisha.

“Nilikikalia kile kizingiti,” alimwambia.

“Najua,” alijibu mzee. “Asubuhi nilikuwa nakunywa kahawa pale na mama yako, tunamtazama Hambis akifungua mlango, tunamsengenya. Ulipoleta picha nikaona nimekaa pale tena. Ungejua si nyumba yetu ungeitoa ukutani.”

Picha haijatolewa. Jumapili bado inafukizwa, Hambis na mbuzi wake wakipata baraka ambazo hawakuziomba.

Baada ya Pasaka, Loukia anakusudia kuvuka tena, safari hii na baba yake. Perihan ameahidi gari na kiti cha magurudumu. Kitambulisho cha mzee kiko tayari katika mfuko wa koti lake la kanisani. Alikiweka mwenyewe, bila kuambiwa.

Mwandishi alimuuliza Loukia kama ina maana kumpeleka mtu asiyeona kwenye nyumba isiyokuwepo.

Alifikiri kidogo, akageuza mwavuli wake mkononi. Kundi jingine lilikuwa linakuja.

“Nitamkalisha kwenye kile kizingiti,” alisema. “Nitampa kahawa. Yule bibi akifungua mlango, Baba atausikia.”