Mteja Aliyekimbia Utani

Lesieli, msusi wa mikeka kule Tonga, alikuwa na lengo moja mwaka ule, na alilitangaza laivu mtandaoni mbele ya watu ili aone haya kuliacha: kabla ya Krismasi apate mwenye duka wa Auckland atakayenunua mikeka yake bila dalali. Si ndugu wa kumhurumia. Mteja.

Kila Jumanne jioni aliegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, yeye na jirani yake Vika wakasuka majani ya mkadi, na Watonga wa ng'ambo wakaingia kutazama. Walifuata mdomo wake. Akipima mkeka wa kufunga kiunoni, vazi la heshima la Watonga, lazima aseme jambo juu ya viuno vya waume za watu. Watazamaji wakazidi, ila wanunuzi wakabaki walewale, huyu ana harusi, yule ana msiba.

Palikuwa na mmoja aliyemsumbua akili. Hakuweka jina la mtu, picha yake ilikuwa mlango wa duka la mikeka kule Mangere, Auckland. Huyo ndiye hasa aliyemtaka. Aliingia mapema, akauliza maswali ya mjuzi, kama majani yamelazwa baharini au yamechemshwa tu. Utani ukianza, ametoka.

Vika alisema labda mkewe anamnyang'anya simu. Lesieli hakucheka. Akaanza kumchunguza taratibu, kama mtu anayemtazama mjusi ukutani asitake akimbie. Jumanne moja akatania juu ya nguruwe wa mchungaji. Yule akabaki. Akagusia viuno kidogo tu. Akatoka.

Basi nguruwe hawamfukuzi, viuno ndivyo vinavyomfukuza. Na mwanamume gani huinuka mwanamke akianza maneno kama hayo? Lesieli aliacha kusuka. Kwa Watonga ni kaka tu asiyekaa mahali dada yake anaposema hayo.

Asubuhi akaenda kwa shangazi yake, Fifita, dada wa baba, ambaye ukoo wote uko kichwani mwake. Shangazi akauliza jina la duka, akafumba macho, akapanda na kushuka kwa mababu.

"Huyo ni Mosese. Babu yake na babu yako tumbo moja. Kaka yako huyo, hata kama hamjaonana."

"Shangazi, miezi yote hii nimekaa namweleza kaka yangu habari za viuno?"

"Umemweleza. Naye katoka kila mara. Kijana kalelewa."

Lesieli akajifunika uso kwa viganja. Shangazi akamwambia aibu itapita, sasa kazi imekuwa rahisi. "Mwandikie tu. Dada akiomba, kaka hana mdomo wa kukataa."

Ilikuwa kweli, na hapo ndipo palipomtisha. Mosese angenunua hata mkeka uliotafunwa na panya, akautia nyuma ya duka, akanyamaza. Lesieli hakumwandikia.

Jumanne iliyofuata hapakuwa na utani. Alionyesha mikeka tu, akaigeuza mgongo watu waone miisho ya nyuzi. Wengine waliandika kuuliza amekufa nani, wengine wakaondoka zao. Vika alikuwa na neno mdomoni, limemvimbisha mashavu. Ule mlango wa duka ukakaa hadi mwisho.

Kesho yake ukaja ujumbe wa mwanamke, Seini, mke wa Mosese, maana kaka hawezi kubishana bei na dada yake. Walitaka mikeka kila mwezi. Lakini bei iko juu kuliko ya dalali, na kingo za ule wa pili zimepinda. Apunguze.

Vika akakasirika. "Wifi gani huyu? Hata salamu haijapoa, keshaona kingo."

Lesieli alikuwa akiusoma tena ule ujumbe, polepole, anatabasamu. Anayemsaidia dada yake hataji kingo.

"Mwache hivyohivyo," akasema, akaanza kujibu: kingo atazinyoosha, bei haishuki.