Ndakala Zisizonuka

Kila asubuhi mlinzi wa hospitali alinielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, akasoma, akasema, "Mama Munganga, ingia. Uko muzima." Mimi ni muuguzi wa wodi ya wanaume, na hapa Kalemie kila atibuye hospitalini huitwa munganga; neno lile la uzima nilirudi nalo nyumbani kwa kiburi. Siku hizo za korona wageni walitazamwa kwa mashaka mlangoni kwetu. Mimi nilipita tu.

Nilikuwa nakaa na Mama, mgonjwa wa pumu. Mdogo wake alipokuja kutoka Zongwe na kapu la ndakala, dagaa wetu wa ziwani, Mama alikunja uso. "Hizi zimeoza?"

Nikaingiza pua kapuni. "Hazinuki hata kidogo."

Mama mdogo akacheka mpaka akashika mbavu. "Ndakala yenye hainuki! We mutoto, pua uliiacha wapi?"

Nikacheka naye. Nilikuwa na uchovu kidogo, lakini nani hakuchoka kwa zamu zile?

Baada ya siku chache Mama akaanza kukohoa. Tulimzika kabla mwezi haujaisha. Kwenye kilio kaka zangu walikuwa wamekwisha kupata mkosaji: mgeni wa Zongwe ndiye aliyeleta ugonjwa. Wakaniuliza mimi munganga, mwenye kupimwa kila siku. Nikaitikia kwamba ni yeye, tena kwa hasira.

Miezi ikapita, wakatupima damu wafanyakazi wote. Daktari akaniambia korona ilikwisha kunipitia zamani. Nikabisha: sikupata homa, sikukohoa. Ndipo nikalikumbuka lile kapu. Kalemie harufu ya ndakala humfikia hata aliyefunga madirisha, nami siku ile sikusikia kitu: korona ilikuwa imekwisha kuniibia pua. Mama mdogo alinikuta tayari ninao ugonjwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu kilikuwa kimevaa blauzi nyeupe ya uuguzi.

Karatasi ya majibu iko chini ya vitenge vyangu. Nikiitoa, kaka zangu watajua nani alimuua Mama. Nisipoitoa, mzigo anaubeba mtu asiye na kosa. Naona haya, naogopa, na sina pa kutokea.

Juzi mama mdogo alikuja kwenye ibada ya kumkumbuka Mama. Hakuingia. Alisimama uani na barakoa usoni, ingawa hakuna anayeivaa tena, akaniita pembeni.

"Mwanangu, weye njo munganga. Uniambie kweli: niko muzima sasa? Naweza kuingia?"

"Uko muzima, Mama. Ingia."

Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru.