Kavugho Aliyechoka Kushika Taa

Kavugho alitoka Butembo kuja Kisangani kusomea udaktari. Alipanga chumba kwangu, Kabondo, mwaka uliofuata ile vita ya siku sita ya hapa mjini kwetu. Watu wake ni wafanyabiashara wa chumvi na vitambaa, na tabia yao alikuwa nayo: hasemi sana, hagawi ovyo, na akishika jambo haliachi. Jambo lake lilikuwa taa.

Hospitalini umeme ulikuja ulipopenda. Wanafunzi wa mwaka wake walikwenda kwa zamu kujifunza kuzalisha, na aliyepanga zamu alikuwa delege, yaani mjumbe wao. Delege huyo aliitwa René. Katika zamu za René, wavulana walizalisha na wasichana walishika taa ya petroli. Kavugho alikuwa ameshika taa mwaka mzima.

“Mama Annette,” aliniambia tukimenya ndizi, “miye nitapata diplome ya taa. Mama akikuja na uchungu, nitamwambia nini? Ngojea dokta, miye nitakuangazia?”

Basi akaamua kugombea udelege.

René alikuwa kijana wa Bangboka, baba yake akifanya kazi uwanja wa ndege. Viatu vyake viling'aa hata katika matope, na kinywa chake kiling'aa kuliko viatu. Mimi vinywa vya namna ile navijua, maana niliolewa na kimoja. Mume wangu Lambert aliniapia kanisani kwamba hataniacha hata dunia ipasuke. Dunia ilipopasuka, mabomu yakiruka juu ya paa, alisema anakwenda kututafutia maji. Maji hayo yalikuwa mbali: aliyafuata mpaka Isangi, pamoja na jirani yetu Ursule na godoro langu. Watoto tulibaki nao chini ya kitanda kisicho na godoro.

Lakini nilikuwa nasema habari za Kavugho.

Mimi nilikuwa nauza lituma, zile ndizi za kutwanga, pembeni ya uwanja wa chuo chao. Kwa desturi yetu anayetaka kura hulisha watu kwanza, kwa hiyo René aliniletea samaki wengi kutoka kwa wavuvi wa maporomoko, nikapikia darasa lote. Nilimuuliza Kavugho yeye atapika nini.

“Nipike tena? Si tayari wanakula ya René?”

Akaenda kwenye karamu ya mpinzani wake, akala sahani, akaongeza nyingine, akanawa mikono, kisha akaomba neno.

“Asante kwa samaki, René. Bandugu, mukinichagua, kila mutu atazalisha na kila mutu atashika taa, kwa zamu. Bon, nimemaliza. Pilipili imebaki?”

Watu walicheka, René akicheka kuliko wote. Kisha akapanda juu ya benchi langu, ambalo mguu wake mmoja ni mbovu, akanyoosha mkono.

“Bandugu! Delege iko mutu wa kusimama mbele! Hata bombe ianguke hapa, miye nitasimama mbele yenu! Miye sikimbie!”

Walipiga makofi mpaka sufuria zangu zikatetemeka. Kavugho alikuwa anatafuna pilipili. Nilimwambia amekwisha.

“Ngoja kwanza, Mama.”

Siku ya kura jua lilikuwa kali. Karatasi zilikuwa ghali tangu ile vita, kwa hiyo walichagua kwa mstari: mgombea anasimama mbele, anayemtaka anajipanga nyuma yake. Aliyesimamia ni Tonton Urbain, karani wa chuo, mzee mwenye filimbi. Mstari wa René ulipita uwanja ukafika kwenye shimo la taka. Wa Kavugho ulikuwa wa wasichana, na wavulana wachache waliochoka kusikia hotuba. Yeye alisimama mbele na koti lake jeupe.

Sasa, Timothée, kijana wa toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, alikuwa ameniletea ndizi. Aliegemeza baiskeli kwenye meza yangu, juani, magurudumu yamejaa pumzi kama tumbo la mla karamu. Tonton Urbain alipoinua filimbi, gurudumu la nyuma likapasuka. Puu!

Mtu wa mji mwingine angegeuza kichwa tu. Sisi wa Kisangani tulikuwa tumefundishwa. Tonton Urbain alilala kifudifudi na filimbi mdomoni. “Chini!” alipiga kelele Kavugho, na mstari wake wote ukalala, kila mtu mahali pake. Wa René haukulala, kwa kuwa kiongozi wao alikimbia kuelekea shimo la taka, nao wakamfuata kwa uaminifu mkubwa.

Vumbi liliingia katika sufuria yangu. Ndipo nikasikia kitu kinapumua chini ya meza. Nikainua kitambaa, nikamwona René, aliyewakwepa wenzake kule shimoni, amekumbatia kinu changu.

“Mama Annette, usiniseme! Useme nimekwenda kuangalia wenye kuumia!”

“Nani ameumia? Ni pinu ya toleka imepasuka!”

“Sema nimekwenda kutafuta maji, basi.”

Angesema neno lingine lolote, pengine ningeshusha kitambaa. Nikaita kwa sauti ya kuuzia lituma: “Tonton Urbain! Mutu yenu wa kusimama mbele iko huku!”

Akatoka, lituma kwenye nywele, kiatu kimoja. Tonton Urbain, mtu wa haki, alijikung'uta akasema mistari ipangwe upya. René akasimama mahali pake, akakohoa. Nyuma yake alikuja Philippe, rafiki yake mkubwa, amejaa uchafu mpaka magotini. Akamtazama.

“Mukubwa, nilikufuata mpaka ndani ya shimo la taka. Inatosha.”

Akavuka kwa Kavugho. Kisha mwingine, kisha wengi. René alibaki na binamu yake.

Delege mpya hakufanya sherehe. Aliniomba maji ya kufulia koti, akapanga zamu.

Binti yangu Annette alipofikisha siku zake za kujifungua, mvua ilikuwa inanyesha na chumba cha uzazi hospitalini kilikuwa giza. Sista mkunga alisimama pembeni, Kavugho akazalisha kwa mikono yake miwili, na zamu ya taa ilikuwa ya René. Mjukuu wangu alipotoka alilia kwa nguvu ambayo haijawahi kusikika Kabondo. René aliruka, akatazama mlango.

“René,” akasema Kavugho bila kugeuka, “taa.”

Taa ikarudi mahali pake, naye akabaki mpaka mwisho. Lambert hata hilo lilimshinda.