Maisha ya Mtakatifu Bakhos wa Baishi, Mtunza Chachu

Alizaliwa Bakhos katika mji wa Baishi, mwendo wa siku mbili kwa nyumbu kutoka Chang'an, mji mkuu wa Wachina, kuelekea machweo, mwaka wa 1105 kwa hesabu ya Wagiriki inayotumiwa na Kanisa letu, yaani mwaka 794 wa Bwana wetu. Au pengine mwaka uliofuata. Baba yake, Kang, mfanyabiashara wa farasi ambaye mababu zake walitoka Samarkandi, alishikilia mpaka kufa kwake kwamba mtoto ni wa Mwaka wa Mbwa. Mama yake, mzaliwa wa hapohapo Baishi, alisema ni wa Mwaka wa Nguruwe, na kwamba katika shughuli ile yeye ndiye aliyekuwepo. Mwandishi huyu ameuliza kila alipoweza kuuliza, amechoka, na amechagua Mbwa kwa kuwa ndivyo jiwe la kaburi linavyosema. Msomaji mwamini asikate tamaa mapema hivi, kwa maana mtakatifu wetu alianza maisha yake katika utata na ndani ya utata huohuo Mungu alimtukuza.

Alipokuwa kijana aliingia katika monasteri iliyokuwa nje ya lango la magharibi, akavaa joho jeupe, akanyolewa utosi na kuachiwa ndevu kama ilivyo desturi yetu. Moyo wake ulikuwa safi, lakini kumbukumbu yake, kusema kweli, ilikuwa balaa. Alichanganya zaburi za asubuhi na za jioni. Siku moja alimzika mzee mmoja kwa sala za harusi, na wafiwa, ambao hawakujua hata neno la Kisiria, lugha ya ibada zetu, wakaitikia Amina kwa machozi. Mar Zaia, mkuu wa monasteri, mtu mnyofu aliyezijua kanuni zote za Kanisa kwa moyo, alimwita akamwambia, "Bakhos, kichwa chako ni soko." Naye akajibu bila kinyongo, "Basi, Mar, nipe kazi isiyohitaji kichwa." Ndipo alipopewa kuitunza chachu, na baadaye, kwa kuwa mapadri walikuwa wachache, akawekewa mikono awe padri.

Wazee wanaijua habari ya chachu, ila vijana husahau. Mitume waliweka akiba ya mkate wa Karamu ya Mwisho, wakausaga, wakauchanganya na unga, chumvi na mafuta. Na tangu hapo kila Alhamisi Kuu padri huchanganya ile ya zamani na unga mpya, ili isikome mpaka Bwana arudi. Mkate usiotiwa hata chembe ya chachu hiyo si Sadaka Takatifu, ni chakula tu. Ya kwetu ilivuka jangwa juu ya ngamia katika siku za mababu, ikafika Baishi, ikakaa ndani ya kijungu cha udongo kilichofungwa kitambaa, kavu kama unga wa ugoro. Bakhos alikilinda kijungu kile kama mama mwenye mtoto njiti, na kazi hiyo hakuikosea hata mara moja.

Ukafika Mwaka wa Ng'ombe, ndio 845, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa kama imepigwa kofi la usoni. Kaskazini Wauiguri walikuwa wamevunjika, na mabaki yao wakizurura bila mfalme. Magharibi Watibeti walikuwa wakichinjana wao kwa wao, na njia ya Uajemi ikafungwa, hata Kanisa la huku likawa halipati habari za Patriarki wake. Mtawa mmoja msafiri alitusimulia baadaye kwamba mwaka huohuo, katika nchi ya Wafranki, watu wa kaskazini walipanda mto kwa mashua siku za Pasaka na kuuteka mji mkubwa. Sisi hatukulijua hilo. Tulichokijua ni kwamba Mfalme alikuwa ameamuru mahekalu ya Buddha yabomolewe na watawa wake warudishwe uraiani, na kwamba wakati wa joto kali alifika mlangoni petu mkaguzi wa wilaya, Bwana Du, jasho likimtiririka, amri ikiwa mkononi.

"Mzee," akamwambia Mar Zaia, "amri inasema watawa wa Buddha. Nyie humo ndani mna Buddha au hamna?"

"Hatuna," akasema Mar Zaia.

"Ala! Na ile kitu iliyochorwa juu ya ua la yungiyungi?"

"Ule ni msalaba."

"Msalaba ndiyo nini? Hapa kwenye karatasi pana nafasi mbili tu, 'ni Buddha' na 'si Buddha'. Nikisema siyo, wakubwa watauliza, sasa hao wapara ni akina nani? Nisaidieni jamani, mimi nina watoto."

Bakhos, aliyekuwa amesimama pembeni, alimhurumia mtu yule kwa dhati, akasema, "Andika hujui, bwana. Na sisi tulioishi humu miaka yote kuna mengi hatujui." Mar Zaia alimkata jicho. Bwana Du akaondoka akitikisa kichwa, na ndugu wakafurahi wakidhani wamepona. Haikupita muda ikaja amri nyingine iliyotutaja sisi kwa jina, pamoja na waabudu moto, nasi tukawa tumeonekana waongo kwa kusema kweli.

Askari walipokuwa wakishusha vigae vya paa, Bakhos alitoka kwa mlango wa jikoni akiwa na kijungu chini ya joho. Jirani wa kwanza aliyemwona alikuwa mjane Cao, mwoka mikate ya ufuta, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha mtaa, asiye mwamini, aliyemfukizia ubani mungu wake wa jikoni kila mwezi. "Mama Cao, nitunzie hiki," alisema. "Ni chachu. Isipotee, nakuomba." Hakupata nafasi ya kueleza zaidi, kwa maana askari walikuwa wamekwisha kumshika kola. Ndugu waliozaliwa ugenini walifukuzwa hadi mipakani. Bakhos aliandikishwa raia na kupelekwa kuchimba mifereji katika wilaya ya jirani. Mar Zaia, aliyepooza miguu kwa mshtuko, aliachwa Baishi katika banda la punda la Shi, mtengeneza matandiko, mmoja wa waamini wachache waliosalia.

Kwaresima iliyofuata Bakhos aliruhusiwa kurudi mjini, mikono yake imechubuka na ndevu zimenyolewa. Alikwenda kwanza bandani, akamkuta Mar Zaia amebaki ngozi na mifupa, akiomba jambo moja tu, kwamba asife bila Sadaka Takatifu. Padri yupo, divai ilipatikana. Ilibaki chachu. Bakhos alikwenda mbio kwa mjane Cao.

"Kijungu chako? Kipo!" alisema mama yule akifuta unga mikononi. "Tena nimekuondolea aibu, Baba. Ulivyoniletea ilikuwa vumbi tupu. Nikasema, huyu kusali anajua, hamira hajui. Nikaipa unga na maji, nikaiweka karibu na tanuri. Siku ya tatu ikafura ikamwagika mezani."

"Ukaifanyaje?"

"Hamira hufanywaje, Baba? Nikaokea mikate."

Bakhos aliketi sakafuni. "Yote?"

"Yote kwa nini? Kila siku nabakiza donge la kesho. Na baridi ile ya mwisho wa mwaka, hamira za watu zilipokufa, nani hakubisha hodi hapa? Mzee Pang kachukua, wale ndugu wa sokoni wakachukua, mpaka mpishi wa Bwana Mkaguzi. Mji mzima unakula yako. Ungesema ahsante badala ya kunitolea macho."

Akamwuliza kama ana hakika kwamba ni ile ya kijunguni iliyofura, kwa maana vumbi lililokaushwa kwa chumvi halifuri. Mama Cao akaitazama mikono yake. "Labda yako, labda yangu. Mikono hii haijawahi kukauka hamira tangu niolewe, na kijungu nilikifungua kwa mikono hiihii. Sasa mimi nitajuaje?"

Habari ikaenea kwa waamini, nao wakavurugikiwa kabisa. Shi akaacha kula mkate wowote, asije akapokea Sadaka pasipo kuungama. Mkewe akawa anaokota makombo chini ya meza za duka la mvinyo, na watu walimsikia akimfukuza mbwa mchana kweupe, "Achia, mshenzi wewe! Hata hujabatizwa!" Wengine walisema hakuna utakatifu wowote pale, ni mikate ya mjane tu, na mnyororo wa mitume umekatika mikononi mwetu. Mar Zaia alikuwa upande huo. "Chachu isiyofanywa upya na padri si chachu," alisema, akageuza uso ukutani. Kanuni ilikuwa yake, na ilikuwa inamnyima kitu pekee alichokitaka. Bakhos alilia waziwazi. Akimpa mzee mkate wa sokoni na kuuita mwili wa Bwana, huenda amemdanganya mtu anayekufa. Akimnyima, huenda amemnyima Bwana mwenyewe.

Alfajiri ya Alhamisi Kuu alikwenda kwa mjane Cao, mahali ambapo moshi wa tanuri huficha mengi. Akachukua donge la akiba, akalichanganya na unga mpya, chumvi na mafuta. Sala za siku ile, kwa kawaida yake, zilimtoka kichwani zote. Akasema maneno haya, ambayo Mama Cao aliyasikia na kuyahifadhi: "Bwana, kama ni yenyewe, ni yenyewe. Kama siyo, nihesabie mimi, usimhesabie mwingine yeyote." Papo hapo mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Mama Cao! Mikate!"

"Subiri, Bwana Mkaguzi, haijaiva!"

"Na huyo anayenung'unika humo ndani?"

"Shemeji yangu! Anaumwa jino!"

Bwana Du akashauri karafuu, akangoja nje, akapewa mikate yake ya moto, akaenda zake. Bakhos akauoka mkate wake, akamaliza Sadaka juu ya ubao wa kukandia, akaufunika mkate kwa majani ya kabichi, akaupeleka bandani.

"Umetoka wapi?" aliuliza Mar Zaia.

"Kwa Mama Cao."

"Huo ni mkate wa sokoni."

"Ndiyo, Mar."

"Ni chachu ile, au siyo?"

"Sijui, Mar."

"Padri mzima hujui!"

"Sijui. Na Bwana nimemwambia hivyohivyo, sijui."

Mzee alimtazama punda aliyekuwa akitafuna majani pembeni. Kisha akauliza, "Wanaoula mkate huo ni akina nani?"

"Baishi nzima."

"Hata Du?"

"Du ndiye wa kwanza mlangoni. Anataka wenye ufuta mwingi."

Hapo Mar Zaia, ambaye hakuna ndugu aliyewahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akakohoa. Akafumbua kinywa. "Basi nipe na mimi," akasema. "Nisije nikawa mtu pekee Baishi nzima aliyekosa." Akapokea, na Jumamosi yake akalala katika Bwana.

Siku chache baadaye Mfalme akafa. Watawa wa Buddha wakajenga upya. Sisi hatukuinuka tena, na monasteri yetu ikawa zizi la farasi wa serikali. Bakhos aliishi miaka yote iliyobaki akikanda unga kwa mjane Cao na kuwapa Sakramenti waliobaki, na kila alipoulizwa juu ya chachu alijibu kwa neno lake lilelile. Alilala mwaka 864. Inasimuliwa kwamba wakati wa njaa donge lake halikufa, na kwamba waliorukwa na akili walitulia kaburini pake. Mwandishi huyu ameyasikia hayo kwa watu waaminifu, ila hakuyaona. Na aliye na mashaka leo amuige Bakhos, ambaye hakujifanya kujua, wala hakutumia kutojua kwake kama kisingizio cha kumwacha mtu na njaa.

Leo Baishi hakuna msalaba hata mmoja. Nilipofika huko niliingia katika duka la mikate karibu na lango la magharibi, nikamkuta mwanamke kijana, kitukuu wa Mama Cao, akimega donge la akiba ya kesho. Alipolimega alisema haraka, kama mtu anayepiga chafya, "Kama siyo, nihesabie mimi." Nikamwuliza ana maana gani.

"Ndivyo tunavyosema, mjomba. Waoka mikate wote wa hapa. Usiposema, haifuri. Sasa unanunua, au umekuja kunizibia mlango?"

Asubuhi ile nilikuwa nimekwisha kula, na kanuni yetu yataka mtu afunge kabla ya kupokea Sadaka. Nilisimama pale nisijue kanuni inanihusu au hainihusu, na foleni nyuma yangu ikianza kuguna. Nikavua kofia, nikanyoosha mikono yote miwili.