Majina Chini ya Fufu

Nakumbuka siku moja ya mtihani, mwanangu, bunduki ilishindwa na fufu. Usicheke. Nilikuwepo.

Uhuru ulikuwa bado mbichi, na mji wetu huu bado uliitwa kwa jina la mzungu. Waasi walikuwa wameushika, meli hazipandi tena mto, chumvi imepotea sokoni. Lakini Papa Direkta, mwalimu mkuu wa shule yetu ya Mangobo, alisema watoto wa mwaka wa mwisho watafanya mtihani wao, shule zote za mji pamoja, maswali yale yale, saa ile ile. Mimi shule niliiacha mapema nimsaidie Mama kupika chikwange, ile mikate ya muhogo ya kufungwa majanini. Aliyefanya ni mdogo wangu Fatuma. Na Papa, baba yetu, alikwisha sema: akipita, anaendelea sekondari, akianguka, anaolewa Yanonge, kwa mvuvi mmoja mwenye meno ya kuhesabika. Fatuma alikonda kwa hofu.

Sheria ilikuwa hivi: mtoto anaandika jina kwenye pembe ya kopi yake, karatasi ya majibu, pembe inakunjwa na kubandikwa, halafu kopi zinasahihishwa na walimu wa ng'ambo ya mto wasiojua nani ni nani. Ila gundi ya Wazungu ilikuwa imekwisha pamoja na Wazungu wenyewe. Direkta akaja kwa Mama. Tukakoroga fufu ya unga wa muhogo, nyepesi iwe gundi, nikaipeleka shuleni na sufuria yake. Watoto walikuwa wameshatoka, nami nilikuwa nimemaliza kubandika pembe kwa kidole changu hiki, komanda wa waasi alipoingia.

Wewe hujaona mtu kama yule. Akipita barabarani, hata mbuzi walinyamaza.

"Direkta, Justin ni mutoto yangu. Kopi yake iko wapi?"

"Sijui, komanda. Jina yake iko chini ya fufu."

"Bon, sawa. Fungua."

Direkta akaweka kiganja juu ya rundo la kopi. "Pembe ikipasuka, kopi imekufa. Na ya kwanza kupasuka inaweza kuwa ya Justin."

Komanda akanigeukia. "Wewe musichana, ni wewe umebandika. Ya kwake ni gani?"

Nikatazama lile rundo. Mungu ananiona, hata ya Fatuma sikuijua tena! Zote sawa, zote zimekunjwa pembe.

"Papa komanda, hata ya mudogo yangu imenipotea."

Akachukua kopi moja, akaigeuza, akairudisha taratibu, kama mtu anayerudisha yai chini ya kuku. Akatoka.

Siku ya matokeo mvua ilinyesha. Tulijaa uwanjani, na komanda alikuwa katikati ya mama wauza samaki, kofia mkononi, akitafuna kucha sawasawa na Mama. Mtu yule! Jina la Fatuma likasomwa, Mama akapiga magoti matopeni. Likasomwa la Justin. Komanda akafunika uso, akalia. Kisha akaniona.

"Musichana, kama mungefungua, leo ningesema ni bunduki yangu imepita. Sasa najua ni mutoto."

Fatuma alifika Yanonge kweli, lakini kama mwalimu. Mimi nimezeeka, mji huu umenyang'anywa na kurudishwa mbele ya macho yangu, na jambo kubwa kuliko lile sijaliona: mwenye bunduki na muuza chikwange wanangoja chini ya mvua moja, hakuna anayejua mtoto wa nani amepita.

Sasa nasikia mnatafutiana majibu kwenye simu, na wazazi wanamvizia mwalimu nyumbani kwake. Mwanangu, kataa. Ingia kwenye mtihani wako na kalamu yako, andika unachokijua, jina lako lifunikwe. Ukianguka, utarudia, chikwange nitauza mimi. Ukipita, asiwepo mtu wa kusema ni yeye aliyekupitisha.

Haya, lete paji la uso nikushike. Mungu atulize mkono wako, akufungue kichwa. Na siku watakaposoma majina, mvua inyeshe ikitaka, lako nilisikie kwa masikio yangu haya.