Beseni la Bibi na Treni Isiyo na Usukani

Mwezi uliopita nilipanda ile treni mpya ya umeme ya Tanzania, kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, kwa shughuli za kazi. Nilifika kituoni mapema mno. Mwenzangu niliyesafiri naye alinicheka, akaniuliza mtu mzima mwenye watoto anapata raha gani kukodolea macho mabehewa yaliyosimama. Nikamwambia, wewe umekua na reli nyuma ya nyumba yenu, mimi nimekulia Gisenyi. Akaona nimemjibu nusu. Nusu iliyobaki nakupa wewe.

Gisenyi, au Rubavu kama tunavyoiita siku hizi, ina ziwa, ina mpaka wa Goma, ina milima yenye kona za kutapisha abiria. Reli haina. Rwanda nzima haina. Sisi tulirudi huko kutoka Tanzania katikati ya miaka ya tisini, mimi na bibi yangu aliyenilea. Sehemu ya safari ile ilikuwa kwa treni nami, aibu yangu, nililala karibu njia nzima. Hilo sikumwambia mtu. Mtaani kwetu nilikuwa mtoto pekee aliyepanda treni, na cheo hicho nilikivaa kama gauni la sikukuu.

Kabla sijazaliwa, bibi alikuwa ameuza vyakula miaka nenda miaka rudi kwenye kituo kidogo cha reli karibu na Tabora: mayai ya kuchemsha, karanga, asali kwenye chupa. Wateja walikuwa juu madirishani, yeye chini. Tulipofika Gisenyi akaanza kuuza karanga na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya Kivu, pale Petite Barrière, kivuko cha mpaka wa Goma, ambako akina mama wenzake walikaa chini na mabeseni yao mapajani. Bibi hakukaa. Mteja akija, alinyanyua beseni kwa mikono miwili juu ya kichwa chake, hata kama mteja mwenyewe ni mfupi kuliko yeye. Mikono ile haikuwa na habari kwamba treni imebaki Tanzania.

Watoto wa shule walimwiga wakipita, wakinyanyua madaftari juu ya vichwa. Niliona haya sana. Siku moja nilivuka barabara, nikapita upande wa pili nikijifanya simjui. Aliniona. Jioni alinipakulia maharage kama kawaida, nami nikala nimeinama.

Basi ikawa hivi. Mwalimu wetu alitupa kazi ya kuchora vyombo vya usafiri. Wenzangu waliochora treni walichora walichokijua: lori refu lenye utingo ananing'inia mlangoni, magunia ya viazi juu, na mbele dereva ameshika usukani. Yangu haikuwa na usukani. Mwalimu akaniambia nimeusahau. Nikasema treni haina, maana ndivyo bibi alivyoniambia. Darasa zima likacheka, na mmoja akasema ndiyo hao Watanzania, kila cha kwao cha ajabu.

Jioni wenzangu wakaenda kwa jirani yetu, dereva wa lori, aliyeogopwa kwa ujuzi wake. Alikuwa mtu wa kuapa kwa breki zake.

"Motokari yote iko na volan," alisema, akimaanisha usukani. "Bila volan, kwenye kona utaenda wapi? Utaingia mu shamba ya watu. Hata chukudu iko na mikono ya kushika." Chukudu ni lile baiskeli la mbao la Goma lisilo na pedali, la kubebea mizigo.

Kesho yake mwalimu akaamua kesi. "Bon. Ulete mutu mwenye anajua. Kama hakuna, siku ya Ijumaa utachora volan mbele ya wenzako."

Nilimkuta bibi anachagua mawe kwenye mchele. Nikamuuliza kama kweli treni haina usukani.

"Haina."

"Uliingia mbele ukaona?"

Akatupa jiwe moja. "Sikuingia. Aliniambia dereva mmoja, mteja wangu wa mayai."

Cheo changu chote mtaani kilikuwa kimesimama juu ya neno la mla mayai. Nikamwambia basi nitauchora tu huo usukani, yaishe. Bibi akaweka ungo chini. Akasema mtu aliyekula mayai yake miaka yote ile hana sababu ya kumdanganya, na kwamba Ijumaa atakuja mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Shuleni kwangu, na beseni lake, na mikono yake.

Alikuja kweli, beseni la karanga kichwani kwa sababu kutoka pale angeenda mpakani. Mkononi alikuwa na fito mbili za mwanzi uliopasuliwa na vigurudumu viwili vitupu vya uzi, alivyoomba kwa fundi cherehani. Jirani dereva naye alikuwapo. Lori lake lilikuwa bovu wiki ile, na mwenye gari bovu hakosi nafasi.

Uwanja wetu ulikuwa mteremko. Bibi alipiga magoti, akazilaza zile fito sambamba, akazipinda kama kona ya barabara, akazishika kwa vijiti. Akaunganisha vigurudumu kwa kijiti kimoja, akaviweka juu, akaachia. Vikaenda shubiri mbili, vikaanguka. Watoto wakacheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Hata ile kubwa huanguka," alisema bibi, "reli ikilazwa vibaya." Akasogeza kijiti kimoja, akaachia tena. Safari hii vigurudumu viliteremka, vikafika kwenye kona, ile midomo yake ya pembeni ikaung'ang'ania mwanzi, vikapinda vyenyewe, taratibu, mpaka chini.

Dereva alichuchumaa, akavirudisha juu, akaachia mwenyewe. Mara tatu. Mtu aliyepambana na kona za milima yetu maisha yake yote, mabega yamemchakaa kwa usukani, alibaki anatazama kama aliyeonyeshwa kitanda.

"Donc ni njia ndiyo iko naendesha," alisema mwishowe. "Na shofere, mama? Yeye iko nafanya nini?"

"Anajua pa kusimama," bibi akajibu. "Akisimama pabaya, sisi hatuuzi."

Mwalimu akafurahi. "Mukecuru," akamwita kwa heshima, kwa Kinyarwanda, "mulikuwa munauza namna gani?"

Bibi akatutuma wote darasani, tusimame madirishani. Madirisha yetu hayakuwa na vioo, na upande wa ziwani ardhi ilishuka, kwa hiyo kutoka nje yalikuwa juu. Akapita chini yetu, akanyanyua beseni. Likafika sawasawa kwenye kizingiti cha dirisha. Sawasawa kabisa. Ndipo nilipoelewa kwamba mikono ile haikuwa na kasoro yoyote. Gisenyi ndiyo iliyokosa madirisha.

"Karanga, karanga za moto, wa Kigoma, wa Mwanza," aliimba, na watoto wakanyoosha mikono wakagombania. Mwalimu, mtu mkali yule, akaenda kugonga kengele, kipande cha rimu ya gari kilichoning'inizwa mlangoni. Bibi aliposikia kengele akajua treni inaondoka. Akakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na kitu, kanga kiunoni, beseni juu ya kichwa, alikimbia kando ya ukuta akigawa konzi za mwisho, na hakumwaga hata punje. Nikachungulia dirisha la mwisho nikapaza sauti, "Huyo ni bibi yangu." Nilisema mara mbili, ili hata wa nyuma wasikie.

Tangu siku ile, kila nilipotoka shule, nilisimama naye mpakani, upande wake wa barabara. Lori la jirani lilipotengemaa, alilisimamisha kila alipopita, akatoa mkono kwenye kabini na kusema, "Mama, leta juu." Bibi akaleta juu. Kati ya wateja wote wa Gisenyi, huyo ndiye peke yake aliyenunua kama inavyotakiwa.

Watu huuliza treni ina nini hata ipendwe hivyo. Dereva wetu alishajibu: njia inaendesha, wewe unatazama. Mimi naongeza kwamba huwa nawatafuta walio chini ya madirisha, wenye mabeseni.

Bibi amelala makaburini Nyundo sasa. Shule ina vioo. Jirani naye hayupo, na kituo kile kidogo sijui kama kingali na muuza mayai. Na ile treni mpya ni nzuri mno, inateleza, ina ubaridi wa mashine, madirisha yake hayafunguki. Iliposimama njiani, kituo kilikuwa kisafi, hakuna sauti iliyotuimbia. Mwenzangu aliniuliza mbona nimebandika kiganja kwenye kioo, tena chini kabisa, pale kwenye kizingiti. Nikamwambia napokea.